Mlango Mwekundu

Kopo lilikuwa la biskuti, la bati,
mfuniko wake ukilia kila ukifunguliwa.
Mjomba Famau alilileta kutoka Jeddah,
kalizungushia kanga za mama lisipige kelele forodhani.
Ndani yake matofali ya plastiki,
meupe, mekundu, na machache ya buluu
ambayo Shekuwe aliyadai yote
kwa sababu alizaliwa kwanza.

Picha haikuja. Hatukujua
kilikusudiwa kujengwa nini.
Palikuwa na vipande vyenye mteremko, vya paa,
lakini kwetu Mkomani paa ni sakafu,
mtu huanika juu yake nguo na godoro.
Tukavifanya viti vya daka.

Kila tofali lina vinundu. Tuliviita chunusi.
"Nipe la chunusi nane."
"La nane limekwisha, chukua mawili ya nne nne."
Hivyo ndivyo nilivyojifunza kujumlisha,
kabla ya mwalimu Bwanaheri na fimbo yake.

Baba alikuwa fundi wa chokaa.
Alirudi Alasiri, kope nyeupe,
akachuchumaa, akapima chumba chetu kwa shubiri.
"Kipana mno. Boriti ya mkoko haifiki.
Chumba hufuata mti, si mti kufuata chumba."
Tukabomoa. Tukajenga chembamba, kirefu,
tukalaza njiti za kibiriti juu yake, moja moja,
na kweli kikafanana na chumba tulichokuwa tumekalia.

Wikio ndilo lililotushinda.
Tulitaka lile la kwetu, linaloruka kichochoro
hadi kwa shangazi Mwanakombo,
mama apite na sahani ya mkate wa mofa
bila kujitanda buibui.
Plastiki haijui kupinda.
Lilianguka mara tano. Mara ya sita
Shekuwe alilishika kwa vidole viwili, akakaa,
akakaa mpaka adhana ya Magharibi, asiachie,
mimi nikimpitisha mtu wetu mdogo aliyefutika uso
kwenda kwa shangazi na kurudi, kwenda na kurudi,
na sahani ambayo ilikuwa kifungo cha shati.

Bibi alimtazama yule mtu.
"Asilale chumba ninachoswalia."
Tukamlaza koponi.

Usiku mmoja baba, akienda kutawadha,
alikanyaga tofali la chunusi mbili.
Neno alilolisema sikulisikia tena
mpaka nilipoolewa.

Mlango ulikuwa mmoja tu.
Mwekundu, una bawaba zake, unafunguka kweli.
Siku ulipopotea nilimtazama Shekuwe,
naye akanitazama, nikasema: Mwizi.
Aliapa. Alishika msahafu, akapigwa kwa kuapa,
kisha akapigwa kwa mlango.
Tangu hapo nyumba zetu zilikuwa na tundu mbele.
Zangu, nilitaka kusema. Yeye hakujenga tena.
Alisema amekua.

Mwaka huu tulikausha birika.
Fundi alivihamisha visamaki ndooni,
akachota tope, akaita: "Mama, hiki chako?"
Kilikuwa kiganjani mwake, kimevaa ukoga wa kijani,
bawaba bado zinacheza.

Nikakumbuka, wala si yote:
mkono wangu, ukingo wa birika,
mtu wetu asiye na uso akivuka bahari
juu ya kitu chekundu.

Shekuwe yuko Mombasa, ana mvi, anauza simenti.
Nimempigia. Nimeuliza habari za watoto,
za mguu wake, za bei ya mfuko.
Amenijibu yote.
Mlango uko mezani mbele yangu, naufungua, naufunga.
"Enhe," amesema, "na jingine?"